Anayeanzisha Ndiye Auze

Vijana wa Rungwe wanaoanzisha biashara huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nitapata wapi mtaji? Wengine wameshaandika andiko la kurasa thelathini, wameunda kikundi, wamesikia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nao wanasubiri zamu yao. Sina ubaya na mikopo hiyo. Lakini ni nadra sana nisikie swali ambalo lingepaswa kutangulia: nani atanunua, atalipa shilingi ngapi, na hizo shilingi atazipata lini? Fedha isiyo na riba, isiyohitaji dhamana wala muhtasari wa kikao, ni ile inayotoka mfukoni mwa mteja. Makala hii inahusu namna ya kuifikia.

Nitaizungumzia kwa macho ya mtu anayeanzia Igogwe, hukuhuku Rungwe, kwa sababu mawaidha mengi ya mauzo yameandikwa kwa ajili ya mtu wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye mtandao usiokatika na wateja milioni kadhaa ndani ya saa moja ya daladala. Igogwe ina mambo yake. Ina hospitali ya misheni inayoleta wagonjwa na ndugu zao kutoka vijiji vya mbali. Haiko mbali na Kiwira, mahali ambapo mikungu ya ndizi hupakiwa kwenye malori. Karibu nayo inapita barabara ya lami itokayo Uyole hadi Tukuyu, ikashuka Kyela na mpakani Kasumulu. Kuzunguka kote kuna chai, viazi mviringo, maharage, ng'ombe wa maziwa na sasa parachichi. Mtu anayesema huku hakuna soko hajatazama vizuri. Kilichopo ni soko lenye tabia zake, na mauzo ni kazi ya kuzijua tabia hizo.

Tabia ya kwanza ni kwamba tunajuana. Hilo ni baraka na mtego kwa pamoja. Binti akianza kusindika mtindi au kusaga unga wa ndizi, wanunuzi wake wa kwanza ni mama mdogo, mwalimu wake wa zamani, wanakwaya wenzake na jirani. Wote watanunua, wote watasema ni kizuri. Mwezi wa pili watapungua, wa tatu watakuwa wanamkwepa njiani. Hawa hawakununua unga. Walimnunulia yeye, kama mtu anavyochangia harusi. Kwa hiyo usihesabu mauzo ya ndugu kuwa ushahidi wa kitu chochote. Hesabu kuanzia mtu wa kwanza ambaye hajui jina la baba yako, ameona bidhaa, ameuliza bei, ameguna, na bado akatoa hela. Na zaidi ya huyo, hesabu aliyerudi mara ya pili bila kukumbushwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni kukabidhi mauzo kwa mtu mwingine mapema mno. Mwanzilishi anajiona fundi: yeye anajua kutengeneza programu ya simu, au anajua kukamua mafuta ya parachichi, basi anatafuta "kijana wa mauzo" amlipe kwa kamisheni. Kijana anazunguka Tukuyu wiki mbili, anarudi na majibu mawili tu, "wamesema bei iko juu" na "wamesema watatupigia". Hakuna cha kujifunza hapo. Ungekuwa umekwenda mwenyewe, ungeona mwenye duka alivyoigeuza paketi akitafuta tarehe ya kuisha muda, akaikosa, kisha akasema bei iko juu kwa sababu ndilo neno la adabu la kukataa. Tatizo lilikuwa tarehe. Kijana wa kamisheni hawezi kuliona hilo, na hata akiliona hana mamlaka ya kubadilisha chochote. Wewe unaweza kurudi nyumbani usiku huohuo ukapiga mhuri wa tarehe kwenye paketi zilizobaki.

Ndugu wawili wa Ireland, Patrick na John Collison, walipoanzisha Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni iliyokuja kuwa miongoni mwa kubwa duniani, hawakuwatumia wateja wa mwanzo kiungo na kuwaacha. Mtu akikubali kuijaribu huduma, walimwomba kompyuta yake palepale wakamfungia wenyewe. Wengi huku wataona hilo ni jambo la ajabu kwa watu wa teknolojia, ila mawakala wa fedha za simu walilifanya kila siku katika vijiji vyetu: nipe simu, mama, nikusajilie. Kama unauza programu kwa wakulima wa Rungwe, usimwambie mtu "ipakue ukifika nyumbani". Akifika nyumbani kuna ng'ombe wa kukamua. Mfungulie hapohapo, kwa bando lako, na usiondoke mpaka ameitumia mara moja mbele yako.

Hiyo huduma ya fedha za simu, M-Pesa, ina somo kubwa kuliko la mawakala. Majaribio yake yalipoanza Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa iwasaidie wakopaji wa taasisi ndogo za fedha kulipa marejesho yao kwa simu. Waliokuwa kwenye majaribio wakaanza kuitumia kwa mambo yao, ikiwemo kurushiana pesa wao kwa wao. Waanzilishi wangeweza kukasirika kwamba watu wanaharibu mfumo. Badala yake walitazama, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kwa jambo moja jepesi: kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ilivuka mpaka kuja Tanzania, na huku ilisuasua mwanzoni, kinyume na ilivyokuwa Kenya. Nchi mbili jirani, lugha moja, huduma moja, na bado mauzo yalihitaji njia tofauti. Mtu akikuambia "Nairobi hii kitu inauzika sana", mshukuru, kisha nenda kaulize Kiwira.

Sasa, kuuliza nako kuna namna. Watu wetu wana adabu, na adabu hiyo inaweza kukufilisi. Ukimsimamisha mama sokoni ukasema, "Shikamoo mama, nina unga wa ndizi, ungependa kununua?" atakujibu, "Eeh, mwanangu, ni jambo zuri, Mungu akubariki." Ukisikia hivyo ukaandika kwenye daftari kwamba soko lipo, umejidanganya. Usimuulize mtu atafanya nini kesho. Muulize alifanya nini jana. Msalimie kwanza kama inavyopasa, kwa Kinyakyusa ukikijua, wala usiwe na haraka ya kufikia biashara yako. Kisha muulize: mara ya mwisho kupika uji wa mtoto ulitumia unga gani? Uliununua wapi? Bei gani? Ulidumu siku ngapi? Kitu gani kilikuudhi? Hapo utasikia mambo. Atakuambia ule wa dukani una mchanga, au kwamba yeye hununua wa robo kwa sababu hela ya kilo nzima huwa hana mkononi. Hiyo robo ni taarifa ya thamani kuliko sifa zote. Inakuambia uache kufungasha kilo.

Na unapotaka kujua kama mtu anasema kweli, omba arubuni. Mwenye mgahawa akisema atachukua lita ishirini za mtindi kila Jumatatu, mwambie kwa upole kwamba utamtengea, naye aweke elfu tano ya kushikia. Anayetaka kweli atatoa, au atapunguza aseme tuanze na lita tano. Asiyetaka atakumbuka kwamba lazima azungumze na mwenzake. Usichukie. Umeokoa lita ishirini.

Jambo jingine ambalo wageni wa mauzo hawalitilii maanani ni kalenda ya fedha. Huku fedha haiji kila siku kwa kila mtu. Mkulima wa chai huuza majani kwa siku nyingi lakini hela huifikiria kwa mwezi. Mfugaji anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia naye ana siku yake ya malipo. Mama wa ndizi hushika hela ndogondogo karibu kila wiki, ndiyo maana ni mteja mzuri wa vitu vidogo na mteja mgumu wa vitu vya laki mbili. Mwenye parachichi hana kitu kwa miezi kadhaa, kisha msimu ukifika anashika kitita. Mtumishi wa serikali unajua mwenyewe tarehe yake. Juu ya hayo yote kuna Januari na ada na sare za shule, na kuna mvua za Machi hadi Mei ambazo hugeuza barabara za ndani kuwa utelezi na kupandisha nauli ya bodaboda. Kitu kilekile, kwa bei ileile, kinakataliwa tarehe 15 na kugombewa tarehe 30. Kabla hujahitimisha kwamba bidhaa yako haipendwi, angalia uliipeleka siku gani.

Wanaouza kwa taasisi wana kalenda yao na wana kazi ya ziada, kwa sababu katika taasisi anayekitumia kitu si anayekilipia. Tuseme umetengeneza mfumo mdogo wa kupanga foleni ya wagonjwa, ukataka kuuza kwa hospitali za mikoa hii ya Nyanda za Juu Kusini. Atakayeufurahia ni muuguzi wa mapokezi. Atakayeuelewa ni mtu wa kompyuta, kama yupo. Atakayeidhinisha ni mganga mfawidhi au kamati, atakayelipa ni mhasibu, na kama ni hospitali ya kanisa basi huenda juu yao kuna ofisi ya jimbo au dayosisi. Ukimshawishi mmoja na kumpita mwingine, karatasi yako italala. Zungumza na wote, ukianza na muuguzi, kwa sababu yeye ndiye atakayekutetea ukiwa haupo. Uliza mapema bajeti yao huanza lini, na nani anatia saini. Ziwe tayari ankara, hati ya kupokelea mzigo, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki iliyo kwa jina la biashara. Kwa taasisi za umma, zikiwemo shule na halmashauri, ununuzi unapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Usiposajiliwa humo, hata ukiwa rafiki wa kila mtu, hawawezi kununua kwako kihalali. Jambo moja zaidi: taasisi hulipa baadaye. Ikiwa mtaji wako hauwezi kukaa miezi mitatu nje, usichukue oda kubwa ya taasisi ikiwa ndiyo oda yako pekee.

Nimesema kuhusu programu za simu, na hapa nataka kukaa kidogo, maana kila ninapokutana na wanafunzi wa teknolojia kutoka Mbeya kuna angalau mmoja mwenye wazo la kuunganisha wakulima wa parachichi na wanunuzi "bila dalali". Dalali ndiye adui katika kila andiko. Ningependa waandishi wa maandiko hayo wamfuate dalali mmoja kwa siku nzima. Wangemkuta anafika shambani kwa pikipiki na noti mfukoni. Anaijua miti ya kila kaya. Anakuja na wachumaji wake na makreti yake. Mwezi uliopita alimkopesha mzee fulani hela ya kupeleka mgonjwa hospitali, na mzee akamwahidi matunda yakiwa bado mtini. Bei yake ni ya kunyonya mara nyingi, sikatai. Lakini anauza huduma tano kwa mkupuo mmoja: usafiri, uchumaji, mkopo, fedha taslimu na uhakika wa kuja. Programu yako inauza moja tu, taarifa ya bei. Mkulima akijua kwamba bei ya Dar es Salaam ni mara mbili, lakini hana gari wala mchumaji, umempa huzuni tu.

Basi utauzaje? Pengine mteja wako si mkulima kabisa. Makampuni yanayonunua parachichi za Hass kwa ajili ya kusafirisha nje yana shida ya kweli na yana fedha: yanahitaji kujua mti upi uko kwa nani, umepandwa lini, umepuliziwa nini, utavunwa lini, kwa kuwa wanunuzi wa Ulaya hudai kumbukumbu hizo. Vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima vina shida ya daftari: nani ameleta kilo ngapi, anadai ngapi. Hata dalali mwenyewe anaweza kuwa mteja, akitaka kujua miti ya nani inakaribia. Nenda uwaulize hao wote kabla ya kuandika mstari wa pili wa programu. Na kwa miezi ya mwanzo unaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari, simu ya kawaida na kikundi cha WhatsApp; ikilipika kwa daftari ndipo uijengee mfumo. Ikiwa hakuna anayelipia daftari, hakuna atakayelipia programu.

Twiga Foods ya Kenya ilianza mwaka 2014 na bidhaa ambayo Rungwe inaijua vizuri: ndizi. Grant Brooke na Peter Njonjo hawakuanza kwa kuuza kila kitu kwa kila mtu. Walianza na tunda moja, kwa wauzaji wadogo wa mitaani Nairobi, watu wanaonunua leo na kununua tena baada ya siku chache. Ndizi huisha haraka, kwa hiyo mteja hurudi haraka, na kila anaporudi unajifunza. Baadaye kampuni ilipata mitaji mikubwa, ikapanuka kwenye bidhaa nyingi, na mwaka 2023 ikalazimika kupunguza wafanyakazi. Sitaki kurahisisha sababu za matatizo yale. Ninachokichukua ni mwanzo wake: bidhaa moja, aina moja ya mnunuzi, mji mmoja. Wewe wa Igogwe unayesaga unga wa ndizi, usikimbilie kupeleka katoni moja Mbeya, moja Iringa na moja Dar es Salaam ili useme umefika mikoa mitatu. Jaza maduka ya Kiwira mpaka mtu akikosa unga wako aulize. Halafu Tukuyu. Uyole inaweza kusubiri.

Sababu ni hesabu, si woga. Tuseme paketi unaitengeneza kwa shilingi 1,800 na duka linakulipa 2,500. Umebaki na 700. Ukipanda gari kwenda na kurudi kwa shilingi 8,000 ukiwa na paketi ishirini, usafiri umekula 400 kwa kila paketi. Duka moja likirudisha paketi tatu zilizopata unyevu, kwa sababu mvua ya huku haitabiriki, faida ya safari nzima imekwisha na hujajilipa mshahara. Paketi hizohizo ishirini zikiuzwa kwa maduka manne yaliyo kwenye njia moja unayopita kila Alhamisi, habari ni nyingine. Watu wengi wanaosema biashara yao "inakwenda" hawajawahi kukaa chini na kuifanya hesabu hii. Wanauza kila wiki na wanafilisika polepole.

Mali kauli nayo ina utaratibu wake. Mwenye duka atakuambia acha mzigo, ukiuzwa utalipwa. Kwa duka jipya, ambalo halikujui, inaweza kuwa njia pekee ya kuingia, na sikushauri ukatae moja kwa moja. Acha mzigo mdogo, wa kiasi usichokililia. Andika kwenye karatasi mbili idadi, bei na siku utakayorudi, kila mmoja abaki na yake. Rudi siku hiyohiyo, si kesho yake. Mzunguko wa pili omba nusu taslimu. Wa tatu taslimu yote. Duka lisilokubali kusogea baada ya mizunguko mitatu linakutumia kama benki. Chukua mzigo wako, aga vizuri, nenda jirani.

Kuhusu bei, usiogope kutaja ya haki. Mkoa huu wa Mbeya umezoea kuumizwa na lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Kwa hiyo watu wana macho makali kwa vipimo. Andika uzito halisi kwenye paketi na uwe wa kweli, maana Wakala wa Vipimo anaweza kukuuliza na mama wa sokoni atakuuliza kabla yake. Usipunguze bei kwa mteja wa kwanza anayenung'unika. Uliza kwanza analinganisha na nini.

Alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) na msimbo wa mistari unaoanza na 620 vitakusumbua pale utakapotaka kuingia maduka makubwa ya Mbeya. Pitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mapema. Wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na shirika hilo wamekuwa wakibebewa na serikali gharama za alama ya ubora katika miaka ya mwanzo. Lakini usitumie nembo kama sababu ya kutozungumza na mteja. Nimewaona watu wamelipia lebo za rangi sita kwa bidhaa ambayo hawajaionjesha kwa mgeni hata mmoja.

Weka daftari. Jina, simu, alinunua nini, lini, alilalamika nini, utarudi lini. Anayekataa pia aandikwe, na sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, usiyapambe. Ukishakuwa na majina mengi kwenye kompyuta kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Namba ya mteja si ya kugawa kwa rafiki yako anayeuza bima. Daftari hili ndilo litakalokuambia siku ya kuajiri muuzaji imefika: utakapoona unajua mteja atauliza nini kabla hajauliza, na unaweza kumwandikia mtu mwingine kwenye karatasi moja la kusema, la kujibu na bei ya mwisho isiyovukwa. Kabla ya hapo, muuzaji ni wewe, hata kama una shahada mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa una kitu ulichotengeneza na hujakiuza bado kwa mtu asiyekujua, liache andiko la mkopo kwa siku chache. Chagua siku ya soko Kiwira, beba kiasi unachoweza kubeba kwa mikono yako, pamoja na chenji na kalamu, ufike asubuhi kabla akina mama hawajamaliza kupakia ndizi. Usirudi mpaka umesikia "hapana" za kutosha kujaza ukurasa mmoja, kila moja na sababu yake.